Mchumba wa Dakika ya Nane

Kwa miaka minne nilitazama mwanzo wa muvi sijui ngapi, na sikuona mwisho wa hata moja. Ndiyo ilikuwa kazi yangu. Duka letu lipo Nyakato, hapa Musoma. Mtu analeta flashi, unamwekea muvi anazotaka, anakwenda zake. Shida ilianza siku mama mmoja wa kwaya alipoomba ya mapenzi ya kuchekesha, akapewa ya mtu anayekata wenzake kwa msumeno. Alirudi nayo Jumatatu asubuhi akiwa na wajukuu aliotazama nao, ili bosi awaone vizuri. Bosi akaamua kila muvi itazamwe dakika kumi za kwanza, iwekwe kwenye folda yake, na mtazamaji niwe mimi kwa kuwa sina papara.

Dakika kumi zinatosha kabisa. Mji ukionekana kutoka juu, na gitaa linapigwa kimchezomchezo, hapo hafi mtu. Mji uleule ukija na ngoma ya polepole, mtu atakufa kabla hajamaliza kuoga. Steringi wa kike wa mapenzi ya kuchekesha lazima achelewe kuamka. Anatoka mbio, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, mkate mdomoni, halafu anamwagia kahawa mwanaume asiyemjua. Wanagombana. Wateja wangu wa muvi za kupigana waliwahi kuniuliza mbona hizi hazina adui. Niliwaambia adui hayupo, badala yake kuna mchumba.

Mchumba huyo anaingia kwenye dakika ya saba, ya nane. Ni wa yule mwanaume aliyemwagiwa. Nywele zimelala vizuri, gauni limepigwa pasi, ana orodha ya wageni wa harusi mkononi, na anamnyoosha mwenzake kola bila kuombwa. Hajamkosea mtu. Mimi nilikuwa nikimwona tu nasema huyu wa kuachwa, nasimamisha muvi, naitupa kwenye folda. Sikuwahi kumwonea huruma. Nilimwona kama alama ya barabarani, inayokuambia umefika wapi.

Wakati huo nilikuwa na mchumba wangu, mwalimu wa fizikia Bunda. Kwao walishapeleka ng'ombe wanne kwa baba yangu Butiama, kama mahari ya kutangulia. Nilimpenda. Nasema wazi kwa sababu watu walidhani nilipenda mipango tu. Nilipenda mipango, ndiyo, ila yeye nilimpenda zaidi, na nilitaka kuolewa naye kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kutaka.

Jumamosi moja tulikaa kwenye hoteli ya chai pale Bunda tukipanga kamati ya harusi. Nilikuwa na daftari, nimepiga mistari kwa rula. Nilikuwa nimetoka kumnyoosha kola. Akaingia dada mmoja anakimbia, ndala moja imekatika kaishika mkononi. Alikuwa mwalimu mpya shuleni kwa mchumba wangu, ameondoka na funguo za maabara tangu jana na leo ndiyo amekumbuka. Katika kuzitoa kwenye mkoba akapiga birika la chai. Chai ikaenda kwenye shati la mchumba wangu. Yule dada akachukua karatasi iliyokuwa karibu akaanza kumpangusa nayo, na karatasi hiyo ilikuwa orodha yangu ya wageni.

Nikasubiri wagombane. Wakagombana kidogo. Halafu mchumba wangu akacheka, kicheko ambacho kwa miaka miwili sikuwahi kukisikia. Nikatazama saa ya ukutani, kwa mazoea ya kazi. Jamani, nilijua tupo dakika ya ngapi.

Sikukubali kirahisi. Wiki iliyofuata nilichelewa makusudi, nikafika Bunda saa nzima baada ya muda tuliopanga. Akaniuliza kama naumwa. Nikaacha kupiga pasi, akaniuliza kama umeme Nyakato umekatika. Nilijimwagia soda mbele yake. Akatoa leso iliyokunjwa vizuri, niliyokuwa nimemnunulia mwenyewe, akanipa nijifute, na mazungumzo yakaendelea kuhusu ukumbi. Mtu hawezi kujifanya steringi. Nilitia aibu tu.

Baada ya miezi mitatu alikuja Musoma tukatembea Makoko, ufukweni. Alinieleza taratibu, kiungwana, akimalizia na maneno ambayo nilikuwa nayasubiri.

"Wewe huna kosa lolote," alisema.

Nikamwambia najua. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba aende Butiama akamwambie baba mwenyewe, asitume mtu.

Nikarudi dukani. Siku hiyo nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya: niliweka muvi moja nikaitazama yote, nijue yule mchumba anaishia wapi. Muvi ikifika saa moja na nusu anaambiwa kwamba anaachwa. Anasema nakuelewa, anachukua mkoba wake, anatoka mlangoni. Baada ya hapo ni kukimbiliana kwenye mvua, kubusiana, kucheza muziki, majina ya waigizaji. Nikarudisha nyuma nikaangalia tena, isije ikawa nimempitiliza. Hakuonekana tena, hata kwa mgongo.

Kwetu mambo hayaishi mlangoni. Wale ng'ombe walikuwepo. Mchumba wangu alikuja Butiama na wazee wawili wa kwao kuwachukua, na baba alinitaka niwepo. Tatizo ni kwamba mmoja alikuwa amezaa pale pale zizini, ndama ana wiki tano. Baba aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaambia watatu waondoke nao leo hii. Aliyezaliwa hapa ni wa hapa, na mama yake atabaki mpaka ndama aweze kujitegemea. Wazee wakatazamana. Hakuna mfugaji anayemtoa ng'ombe kwenye ndama anayenyonya. Wakaondoka na watatu. Kwa hiyo mwanaume aliyeniacha alilazimika kurudi.

Alirudi mwaka uliofuata, na mke wake. Nilikuwepo, nimeomba ruhusa ya siku moja kazini. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule dada, nimepiga pasi na gauni kabisa kwa ajili hiyo. Alishuka kwenye gari akakanyaga mavi ya ng'ombe kabla hajasalimia. Kiatu kikabaki humo. Akamwamkia baba shikamoo akiwa amesimama kwa mguu mmoja, na baba, ambaye alikuwa amekusudia kutocheka, akageuka kutazama paa. Mume wake alibaki na baba uani. Yeye akanifuata zizini peke yake, peku.

"Dada, siku ile mimi sikujua," alisema.

"Najua. Shika kamba fupi, huyu anapendaga kuvuta."

Nikamkabidhi kamba. Aliishika kwa ncha za vidole, na hilo liliniudhi, kwa sababu ilibidi nimwonyeshe jinsi ya kuizungusha kiganjani. Mtu wao wa kuswaga alikuwa anasubiri barabarani. Ng'ombe akatoka bila ubishi. Ndama tukamfungia ndani.

Gari lilipoondoka ndama akaanza kulia. Alilia mchana kutwa, anazunguka zizi, anarudi pale pale mlangoni mama yake alipopitia. Majani hayataki, maji hayataki. Baba alisema ndivyo walivyo, atalia siku tatu kisha atakula. Nikampigia bosi simu kwamba nina mgonjwa nyumbani. Nikakaa mle zizini na lile gauni langu la pasi, nikalia nami. Nililia kwa sauti, kama ambavyo sikulia Makoko wala dukani. Baba alikuja akaniwekea kigoda, akaenda zake.

Siku ya tatu jioni ndama alinyamaza, akaanza kula. Mimi nilichukua tano.