Maua ya Mama Ndani ya Mashine

Mama Maua, mshonaji wa mtaa wa nyuma ya soko, alikuwa mbishi, tusifichane. Siku alipotaka kununua mashine ya kutarizi, fundi kompyuta alimwonyesha mbili.

"Chukua hii kuukuu, mama. Ndani ni kompyuta tu, na inakubali programu yoyote, hata zile huru ambazo mtu anazifungua na kuzirekebisha. Ile nyeupe inapendeza, lakini ufunguo wake anao aliyeiunda."

"Kwani mimi nanunua mashine au kufuli?" Mama Maua akacheka, akabeba nyeupe.

Na kweli ilimfaa. Michoro sitini na miwili ya maua, aliyoachiwa kwenye karatasi na marehemu mama yake, aliiingiza yote humo, na wateja wakamiminika. Karatasi zenyewe zilishaliwa na mende, basi akazichoma pamoja na takataka za uani. Lo! Hapo ndipo alipojitia kitanzi.

Mwaka wa sita, Jumatano asubuhi, kioo cha mashine kikaandika kwamba huduma itafungwa Ijumaa saa sita mchana. Na mashine ile haikuwa ikishona hata ua moja bila kuomba kwanza ruhusa, kwa mtandao, kwa kampuni iliyoiunda, huko mbali. Fundi akaitwa, akahangaika na bisibisi zake mpaka shati likalowa.

"Nitolee maua ya mama yangu tu, mashine wabaki nayo."

"Siwezi, mama. Nikiweka programu nyingine inagoma kuwaka. Imeundwa hivyo toka kiwandani."

Mama Maua hakubisha. Fundi aliogopa, heri angetukanwa.

Ikabidi Mama Maua ayashone yote kabla ya muda, kwenye mashuka ya zamani, angalau yabaki kwenye nguo. Mdogo wake alikaa pembeni akibadilisha uzi. Wateja walirudishwa mlangoni. Mgongo ulimwaka moto, na alijisikia kama mtu aliyefungiwa ndani ya duka lake mwenyewe.

Ua moja aliliacha la mwisho kwa makusudi, lile ambalo mama yake alimshonea kwenye kola ya gauni utotoni. Hilo haliendi kwenye shuka bovu, alisema. Akakata hariri mpya, akaipiga pasi taratibu.

"Dada, saa hiyo!"

"Niache. Hili ni la heshima."

Ijumaa saa sita juu ya alama sindano ikasimama juu. Ua lilikuwa nusu. Akabonyeza, akazima, akawasha, akaichapa kofi. Wapi!

"Malizia kwa mkono basi," mdogo wake akasema. "Si mama alikufundisha wewe?"

Mama Maua akatunga uzi, akainamia ile hariri. Akachoma mara moja, akafumua, akachoma tena, mpaka machozi yakadondokea kitambaa.

"Sikumbuki linaendaje, mdogo wangu," akasema. "Miaka yote hii ilikuwa inakumbuka mashine."