Mstari Nilioufuta

Kazi yenyewe ilikuwa ya nusu saa. Mimi nilikaa nayo siku tatu, nikiinuka kila mara kuchungulia dirishani, nikinywa chai nisiyoitaka, nikimfokea kila aliyebisha hodi. Roho yangu ilikuwa juu.

Nilikuwa fundi wa kompyuta wa mkataba katika chuo kimoja hapa Singida mjini. Alama za mitihani za darasa zima zilikuwa zimepotea, na mkuu wa chuo alitaka kujua nani alizifuta. Kompyuta kuu ya chuo hujiandikia yenyewe faili la kumbukumbu: nani ameingia, kupitia mashine ipi, saa ngapi, ametoka lini. Ila umeme ulikatika ikiwa katikati ya kuandika, faili hilo likaharibika. Ukilisoma linakupa majina nusunusu na tarehe za miaka ambayo baba yangu alikuwa hajazaliwa. Nikaambiwa nilitengeneze.

Aliyeshukiwa ni mama wa masjala, mtunzaji wa alama hizo. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Barua ya kumfukuza ilishachapwa, inasubiri saini tu.

Mimi nilimjua aliyefuta. Ni mimi. Siku ile mama huyo alikuwa amempeleka mzazi wake hospitali bila ruhusa, akanipigia simu: "Mwanangu, niingizie jina langu humo, mkuu asijue sipo." Mkuu alikuwa na mazoea ya kutazama kwenye kompyuta orodha ya walioingia, na sisi tulikuwa na mazoea ya kuingiziana majina, kama watu wanavyoacha koti kwenye kiti. Nikaingia kwa jina lake nikiwa mezani kwangu. Nikaona mafaili ya zamani yamejazana, kiherehere kikanishika, nikaanza kumsafishia. Alama zikaenda na takataka.

Faili la kumbukumbu halisomeki kwa macho. Unaligeuza kwanza liwe maandishi, unaondoa mistari iliyoharibika, kisha unalirudisha lilivyokuwa. Siku ya tatu nikaligeuza. Mstari wa siku ile ulikuwepo, mzima kabisa: jina la mama, saa, na pembeni jina la mashine yangu. Ungemwokoa yeye na kuniunguza mimi. Nikaufuta, nikalirudisha faili lilivyokuwa, bila mstari huo. Nikachapa karatasi, nikijidanganya kwamba kwa kuwa haina jina la mtu, watalaumu umeme na sote tutapona. Nilijichukia hapohapo, lakini nikaenda kwa mkuu.

Mama alikuwa ameshaketi.

"Shikamoo mama," nikasema, macho chini.

"Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo?"

Nilikuwa na mtoto wa wiki tatu nyumbani Utemini. Nikajibu hajambo. Mkuu akanyoosha mkono, nikampa karatasi, na kabla hajaisoma mama akasema, "Mkuu, msimsumbue kijana. Ni mimi. Nilifuta kwa bahati mbaya."

Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kinyaturu, ambacho mkuu hakukijua, kwamba ninyamaze, nina mtoto mchanga. Siku zote zile alijua ni nani aliyeingia kwa jina lake, na hakuwa amemwambia mtu.

Mkuu akaivuta barua, akafungua kalamu.

"Si kweli!" nikasema. "Nisubiri, mkuu. Hiyo karatasi nimeichezea."

Nikatoka mbio hadi mezani kwangu. Nikaligeuza tena faili, nikauandika ule mstari upya: jina lake, saa ile, mashine yangu. Nikachapa, nikarudi nikihema.

Mkuu aliziweka karatasi mbili kando kwa kando. "Hii umeniletea kwanza. Hii umeitengeneza sasa hivi. Niamini ipi?"

"Ya pili, mkuu. Naapa."

"Unamwonea huruma mama yako, kijana. Nakuelewa," akasema, na akasaini barua.