Alovera ya Mwalimu

Nimefundisha bayolojia miaka ishirini na sita katika shule za huku Nakuru. Nimechora jani ubaoni mara nyingi kuliko nilivyochana nywele, na nywele zenyewe sasa zimebaki za kuhesabu. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue kwamba nilikuwa na sifa zote za kufanya upumbavu nitakaousimulia.

Mama yangu alitoka sokoni kwa pikipiki. Kila mtu mjini anajua abiria hushukia kushoto, kwa sababu ekzosi, lile bomba la moshi, iko kulia. Mama pia anajua. Lakini ana miaka sabini na minne, alilea watoto sita kwa mshahara wa reli wa marehemu baba, na hapangiwi na mtu upande wa kushukia. Akashukia kulia. Ekzosi ikamchoma juu kidogo ya kifundo cha mguu, kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto. Alinyamaza siku mbili, akijipaka dawa ya meno kisirisiri, mpaka nikaanza kushangaa kwa nini anachechemea huku ananukia kama mtu aliyetoka kupiga mswaki.

Ingekuwa kidonda cha mtu mwingine ningemcheka. Lakini mama ana sukari. Hapa mtaani kwetu Section 58, mlango wa tatu kutoka kwetu, yupo jirani mwenye sukari hiyohiyo aliyekanyaga msumari, na leo anatembea kwa magongo kwa sababu mguu wake mmoja ulibaki hospitalini. Mama humpelekea maziwa ya mgando kila Alhamisi. Hakuna aliyemtaja jirani huyo nyumbani wiki ile, ila sote tulikuwa tunamfikiria. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Kwa hiyo kina mama wa kanisani walipokuja kumwona, walinikuta mlangoni nikiwa tayari kwa vita. Mmoja alikuwa na majani ya mabangi, lile gugu la shambani lenye harufu kali ambalo si bangi hata kidogo. Mwingine alileta jani changa la mgomba, akaniambia kwa upole kwamba likipitishwa motoni kidogo na kuwekwa juu ya kidonda, kitambaa hakigandi. Niliwapa wote somo fupi kuhusu bakteria. Nilitumia neno "utafiti" mara nne. Walikunywa chai, wakaomba, kisha wakaondoka na majani yao.

Hospitali tungeenda Jumatatu. Ijumaa nilikuwa na semina ya walimu Nairobi, na semina, kama mnavyojua, haiwezi kuendelea bila mtu wa kulala kiti cha nyuma. Nikamwahidi mama kwamba nikirudi nitamletea alovera, mmea uliothibitishwa, siyo vichaka vya watu.

Jumamosi nikirudi nilisimama Mai Mahiu kunywa chai kwenye kibanda karibu na mahali malori hupumzika. Nyuma ya kibanda kulikuwa na ua wa mimea minene, majani mapana ya kijani yenye miiba pembeni. Nikaona alovera kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Nikamwomba mwenye kibanda kisu.

"Boss, hiyo si alovera," akasema. "Hiyo ni makonge ya fence. Tulipanda ng'ombe zisiingie."

Mtu mwenye akili angeuliza swali la pili. Mimi nilimweleza, nikiwa nimeshika kikombe cha chai yake, kwamba jani nene lenye maji na miiba pembeni lina sababu zake za kisayansi. Alinisikiza mpaka mwisho. Halafu akanipa kisu, maana mteja ni mteja, nami nikakata jani moja na kung'oa mche mdogo wa kupanda nyumbani.

Jioni hiyo nikanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kama daktari wa upasuaji, nikampaka mama ule utomvu.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo ninapomchosha. "Hii kitu inachoma."

"Hiyo ni dawa inafanya kazi, mama."

"Basi inafanya kazi sana."

Nikampaka tena.

Asubuhi mguu ulikuwa umevimba hadi karibu na goti, na ngozi iliyokuwa nzima kuzunguka kidonda imejaa malengelenge. Sikungoja Jumatatu. Njiani sikuwaza chochote ila magongo ya jirani.

Nesi aliyetupokea kwenye zahanati alikuwa msichana mdogo, mkaazi wa mtaa wetu, na hakuwa na haraka ya kunipenda. Alisafisha mguu, kisha akainua uso, akamuuliza mama kama mjukuu anavyomuuliza bibi.

"Shosho, nani alikuwekea hii kitu?"

Nilifungua mdomo.

"Ni mimi, daktari," mama akasema. "Nilitoa kwa fence."

Mama hakuwa amekaribia fence yoyote. Lakini nesi aliamini, kwa sababu huyu alikuwa mzee mwenye leso na mimi nilikuwa na kalamu mbili mfukoni. Akamfokea mama vizuri sana. Kwamba mtu hawezi kuweka kwa kidonda kila kitu ameona kwa fence. Kwamba sukari si mchezo. Kwamba hata jani la ndizi lingekuwa afadhali. Mama alikubali kila kitu kwa kichwa. Kisha nesi akanigeukia.

"Mwalimu, wewe umesoma. Mwelezee."

"Nitamwelezea," nikasema.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na bado nikanyamaza.

Alifunga kidonda kwa kitambaa cheupe laini, akasema kimetengenezwa kwa mwani, mmea wa baharini. Kwa kweli mwani si mmea kamili, ila sikuwa katika hali ya kumsahihisha mtu. Basi, baada ya kufukuza majani ya kanisa zima, nikampeleka mama kila siku ya pili kufungwa magugu ya bahari. Wiki saba. Nilichunguza vidole vyake kila asubuhi nikijifanya natafuta viatu.

Ule mche nilitaka kuutupa. Mama akakataa, akaupanda kwenye mkebe wa rangi pale mlangoni na kuumwagilia maji mwenyewe. Mgeni akiuliza kama ni alovera, mama alijibu, "Muulize mwalimu."

Jumapili moja nesi alipitia kwetu akitoka kanisani, ili mama asisumbuke kwenda zahanati. Akafungua kitambaa. Ngozi ilikuwa imefunga yote, nyororo, ya rangi ya waridi. Mguu ulikuwa umepona. Niligeukia dirishani nikafuta macho, nikisingizia vumbi. Nesi alipofika mlangoni kuaga akaona mkebe.

"Hii si alovera?"

Mama akanitazama. Safari hii hakusema kitu.

"Ni makonge," nikasema. "Niliitoa Mai Mahiu. Ni mimi nilimpaka. Si yeye."

Nesi akaweka mkoba wake chini, akarudi kukaa. Akaanza ile hotuba yake tangu mwanzo, bila kuruka neno, na sasa ilikuwa yangu. Mama akanyoosha mguu wake juu ya stuli. Hotuba ilipoisha alimwomba nesi arudie hapo kwa fence, kwa sababu mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa na pengine hakusikia.