Chupa Mbili za Maji Matupu

Ukiuliza mtaani Mowlem, hapa Nairobi, ni nani aliyeweka bahari sebuleni, hata mama wa mboga atakuelekeza kwa Mureithi. Watoto wa ploti anamopanga humwita Baba Samaki, ingawa samaki wenyewe ni wanne tu na wala si hao anaojivunia. Fahari yake ilikuwa matumbawe: mengine membamba kama vidole, mengine yamekunjamana kama kabichi, ya zambarau, ya kijani, yakipumua polepole chini ya taa ya buluu. Wageni wakiingia walisahau kusalimia.

Mureithi ni fundi wa vioo. Alizaliwa Kaloleni, katika nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, baba yake akiwa mtu wa reli, na mikono yake ina makovu ya kazi kutoka kwenye kidole hadi kiwiko. Kibanda chake kiko upande wa Gikomba, kati ya maseremala. Alikuwa akikata vioo vya madirisha na vya makabati hadi siku alipokuja Keynan, muuza vitambaa wa Eastleigh, akitaka tangi la samaki wa maji ya chumvi. Mureithi alilitengeneza, akalipeleka, akaona kilichotiwa ndani, na akarudi nyumbani amerogwa. Keynan akamkatia vipande vya matumbawe yake, akamfundisha kuvitunza. Hivyo ndivyo bahari ilivyofika Mowlem.

Kuyatunza kuna kazi. Matumbawe hujijengea mifupa kwa chokaa iliyomo majini. Baharini chokaa haiishi, lakini tangini huisha upesi, na ikiisha yanaacha kukua, halafu yanakufa. Kwa hiyo kila asubuhi Mureithi alipima kalsiamu kutoka chupa ya kifuniko chekundu, na kila jioni magadi kutoka chupa ya kifuniko cha buluu, akitumia kile kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi. Hakuvitia pamoja, maana vikikutana vinagombana na maji yanakuwa meupe kama uji. Alifanya hivyo kwa mkono, siku nenda siku rudi, na mkewe Teresiah alikuwa akipunguza sauti ya televisheni wakati huo, kama mtu anayeheshimu sala ya mwenzake.

Mama yake Mureithi alikuwa amerudi Murang'a mzee wake alipostaafu. Alipopatwa na kiharusi, miguu ikakataa na ulimi ukawa mzito, lakini akili ilibaki kamili. Watoto wakapanga zamu, wiki kwa wiki. Mureithi alienda zamu yake ya kwanza. Asubuhi, akiwa peke yake naye, mama akajichafua kitandani. Mureithi akamfunua, harufu ikampiga, na kabla hajajizuia akatapika palepale sakafuni, mbele ya macho ya mama yake. Mama akamtazama. Akautafuta ulimi wake mzito hadi akaupata.

"Pole, mwanangu," akasema. "Nisamehe."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Mureithi alitoka nje akasimama nyuma ya zizi, na hakuingia tena hadi kaka yake Gichuru alipofika. Maneno hayo mawili hayakumtoka akilini. Hakumchukia mama yake, Mungu apishe mbali. Alijichukia mwenyewe, na mtu akijichukia hivyo hukwepa mahali palipomwonyesha alivyo.

Zamu iliyofuata alimwambia Teresiah kwamba matumbawe hayawezi kuachwa. "Wakikosa hata asubuhi moja, Mama Kate, wanaanza kufa." Wakati huo ilikuwa karibu na ukweli, na Teresiah hakubishana. Alifunga nguo zake akaenda kumwogesha mama mkwe. Ikawa desturi. Ndugu wakafanya mzaha kwamba Mureithi amezaa watoto wa majini, mzaha ukazoeleka, na kitu kikishazoeleka hakuna anayekiuliza maswali.

Kisha Keynan akahamia Mombasa. Kabla ya kuondoka alimletea Mureithi zawadi: bomba nene la plastiki lililojaa kokoto za matumbawe makavu, pampu, na mtungi wa gesi ile inayotiwa kwenye soda. Gesi inaingia ndani ya bomba, maji yanakuwa makali kidogo, yanaziyeyusha zile kokoto, na chokaa inarudi tangini tone kwa tone, mchana na usiku. Yote mawili, yale ya chupa nyekundu na yale ya buluu, mtambo unayaleta pamoja bila ugomvi.

"Sasa uko huru, walahi," Keynan alimwambia wakiuweka kwenye kabati chini ya tangi. "Weka gesi, angalia mapovu mara moja moja, basi. Ukienda safari hata mwezi, hawa hawatajua umetoka."

Teresiah alikuwa Murang'a siku hiyo, akimgeuza mama mkwe ubavu hadi ubavu.

Mtu mwingine angefurahi. Mureithi aliona udhuru wake wa kutokwenda Murang'a umekwisha. Keynan alipoondoka, alikwenda Gikomba akaagiza milango ya mbao ya lile kabati, akatia kufuli, na mkewe aliporudi alimwambia ni kwa ajili ya usalama, nyaya za stima na maji havichezewi. Naye akakubali, kwa nini asikubali? Jioni hiyo Mureithi alizijaza zile chupa mbili maji ya kuchujwa, matupu. Kikombe kimoja asubuhi, kimoja jioni. Aliinama juu ya tangi na uso wa kazi, akimimina maji ndani ya maji, na televisheni ikapunguzwa sauti.

Mtu mzima, baba wa Kate, binti aliye chuo, akifanya mchezo wa kitoto kila siku mbele ya mkewe. Mara ya kwanza masikio yalimwaka. Mara ya kumi hayakuwaka tena, na hilo ndilo baya zaidi.

Kwa zaidi ya mwaka, Teresiah alifanya zamu zote za mumewe. Mama mkwe ni mwanamke wa umbo, na siku moja akimwinua kutoka kwenye beseni, mgongo wa Teresiah uliteguka. Alirudi Mowlem akitembea ameshika kiuno.

"Baba Kate, safari hii siwezi," alisema zamu ilipokaribia. "Mgongo umekataa kabisa."

"Pole sana. Basi nimpigie Gichuru aone vile tutafanya."

"Gichuru afanye yake na yetu? Hapana. Enda wewe. Hawa watu wako nitawapea dawa mimi. Si ni kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni? Nimekuona miaka yote hii."

Mureithi alifungua kinywa kutafuta sababu na hakuiona. Akapiga hesabu upesi: chupa zina maji matupu, mtambo unafanya kazi, hata Teresiah akimimina yote hakuna kitakachoharibika. "Sawa," akasema. "Lakini usizidishe." Akasema hivyo ili mchezo ukamilike.

Huko Murang'a Gichuru alimpokea bila maneno mengi. Kwao si kawaida mtoto wa kiume kumvua mama yake nguo, lakini Gichuru alikuwa ameshavuka hapo zamani. Alimwonyesha pa kushika, pa kuweka mto.

"Na uongee naye ukimwosha," akamwambia kando. "Chochote. Ukinyamaza anaona aibu."

Mama alipomwona alitabasamu kwa upande mmoja wa uso. "Samaki... wamekupa ruhusa?"

Gichuru akacheka. Mureithi naye akacheka, na moyo wake ukanywea. Asubuhi iliyofuata harufu ilikuwa ileile. Akameza mate, akaanza kuongea. Akamwambia mama habari za Kaloleni, ile siku alipovunja kioo cha ukumbi kwa mpira na mama akamficha chini ya karai la nguo. Mama akatikisika kwa kicheko, na kazi ikaisha wakiwa bado kwenye kisa. Ilikuwa kazi tu. Kumbe alikuwa amekimbia kitu ambacho mtu anaweza kukifanya huku akisimulia mambo ya mpira.

Katikati ya wiki simu ililia akiwa uani, beseni mkononi. Aliiweka kwenye spika.

"Baba Kate, wako salama," Teresiah alisema kwa furaha. "Zile chupa ziliisha juzi, nikachukua zile mikebe zako za unga wa dawa juu ya kabati ya jikoni nikachanganya zingine. Vile ulikuwa ukifanya zamani. Nimewapea vizuri, asubuhi na jioni."

Beseni nusura limponyoke. Mtambo ulikuwa ukitia chokaa tayari, kipimo kamili. Sasa mkewe alikuwa akiongeza kipimo kingine kamili juu yake.

"Usiwape tena," alisema.

"Aje? Si ulisema wakikosa asubuhi moja wanaanza kufa?"

Gichuru alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, ameacha kupasua kuni, shoka limetulia. Dirisha la mama lilikuwa wazi. Neno moja tu lilihitajika: mtambo. Lingefuatwa na mengine: upo tangu lini, na kwa nini basi Teresiah ndiye aliyekuwa akija. Mureithi alilipima lile neno, akaitazama nyuma ya shingo ya kaka yake.

"Ni kweli," akasema. "Endelea tu."

Hivyo ndivyo alivyoyauza matumbawe yake, na hakuna aliyemsukuma. Siku mbili baadaye Teresiah alipiga akilia: maji yamekuwa maziwa, haoni ndani, vile vidole vinachunika ngozi na kubaki vyeupe. Mureithi alimwambia asiguse chochote. Alimaliza zamu yake hadi siku ya mwisho, akimwosha mama na kumsimulia, na kila aliposhukuriwa alitamani ardhi ipasuke.

Aliporudi Mowlem alikuta sebule nzima imelowa. Teresiah alikuwa ameambiwa asiguse, hakusikia. Alikuwa amechanganya chumvi kwenye mapipa na kubadilisha maji kwa ndoo, kutoka bafuni hadi sebuleni, kwa mgongo ule ule. Alikuwa amejifunga leso kiunoni kwa nguvu ili asimame. Maji yalikuwa yameanza kung'aa, na ndani yake, chini ya taa ya buluu, kila kitu kilikuwa cheupe. Samaki walizunguka kwenye mifupa.

Hakumpa nafasi hata ya kuweka begi chini.

"Pole, Baba Kate," alisema. "Nisamehe. Nimekuulia watu wako."

Mureithi alisikia sauti ya mama yake mle ndani, maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Aibu ilimpanda kutoka miguuni kama homa. Mara ya kwanza alikimbilia nyuma ya zizi. Hapa hapakuwa na zizi, palikuwa na sebule ya futi chache na mwanamke aliyeinama kwa maumivu, akimwomba msamaha kwa kosa la Mureithi mwenyewe.

Alitoa ufunguo. Alipiga magoti kwenye maji, akafungua kufuli, akaivuta milango yote miwili. Ndani, taa ndogo ya kijani ilikuwa ikiwaka. Mapovu yalipanda kwenye bomba, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Hii ndiyo huwalisha," akasema. "Kwenye chupa nilikuwa natia maji tu."

Teresiah aliyatazama mapovu. Si mwanamke wa kupiga kelele, na siku hiyo ingekuwa afadhali angepiga.

"Tangu lini?"

"Tangu Keynan ahame."

Akaona mkewe akirudi nyuma kichwani, zamu baada ya zamu, safari baada ya safari, hadi kwenye lile beseni. Mkono wake ukaenda wenyewe kiunoni.

"Hata hii?" akauliza. "Hata wakati wa hii ilikuwa humo?"

"Ilikuwa humo."

Alivuta kiti akaketi polepole, akishikilia meza. Mureithi alijisogeza amsaidie, naye akamwonyesha kiganja, asimguse.

"Kesho ni zamu ya nani?"

"Ya Gichuru."

"Mpigie umwambie apumzike. Hiyo begi usifungue. Na uweke spika."

Akapiga, bado magoti yake yako majini. Gichuru alipokea akiwa na kicheko tayari, maana wiki hiyo ndugu hao wawili walikuwa wameanza kupendana upya. Mureithi alimwambia anarudi kesho, atachukua wiki ya kaka yake, na zinazofuata pia.

"Wee! Na wale watoto wako wa majini utawaachia nani?"

Mureithi alimtazama mkewe. Teresiah hakumsaidia.

"Wamekufa," alisema. "Na hata walipokuwa hai hawakuwa wananihitaji, Gichuru. Wana mashine. Wamekuwa nayo tangu mwaka juzi. Niliificha."

Kisha ikasikika sauti ya mama kutoka kitandani, ikiuliza polepole ni nani huyo.

"Ni Mureithi, Mama," Gichuru akajibu, na kicheko chote kilikuwa kimemtoka. "Anakuja tena kesho."

"Kesho?" Furaha ya mama ilijaa sebule nzima ya Mowlem. "Muulize... samaki wamempa ruhusa tena?"

Gichuru hakumuuliza, na mama yao akaendelea kungoja ajibiwe.