Nilimwambia Mama Mkwe ni Panya Aliyekata Kitambaa

Admin, nifiche kabisa, kwa sababu mashemeji zangu wote wako kwa hii page.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita. Naishi Kaaga hapa Meru na mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Kazi yangu ni kuwachapia walimu mitihani nyumbani, kwa kompyuta ya mezani. Mama mkwe tulimtoa kijijini kwake Kanja mwaka jana baada ya presha ya macho kumfanya asione tena. Ni mama mzuri, tafadhali mtu asimtukane kwa komenti.

Mama alikuwa mfumaji wa vitambaa. Alikuja na nguo chache na vitambaa begi zima. Tukavalisha viti, redio, televisheni, na CPU yangu, lile boksi la kompyuta, ikapewa kile kizito cha manjano, kinaifunika mpaka chini. Aliniambia, "Hiki ndicho cha mwisho nilifuma nikiona." Kila asubuhi anapita akipapasa, anavinyoosha kimoja kimoja. Ndiyo kazi amebaki nayo.

Tangu hapo kompyuta ikaanza kujizima. Niko swali la kumi na nane, giza kwa kioo, na stima iko. Fundi wa kwanza akabadilisha pawa saplai. Wa pili akasema ni RAM. Nikagombana na mume wangu eti alininunulia mashine imechoka, tukanuniana wiki mbili, kumbe maskini hana makosa. Fundi wa tatu, mama mmoja mwenye kibanda karibu na soko la Gakoromone, hata hakuifungua. Aliinua kitambaa, akaweka mkono nyuma, akasema, "Madam, hii inakosa hewa. Ikipata joto sana inajizima ndio isiungue." Nilijiona mjinga.

Nikakitoa, kompyuta ikafanya kazi kutwa nzima. Kesho yake mama akapapasa akakosa kitu. Alirudi kwa kiti chake, na kwa siku mbili kila chakula alisema ameshiba. Nikakirudisha.

Sasa hapa ndipo niliharibu. Alipoenda kuota jua, nilichukua makasi nikakata shimo kwa nyuma, penye feni. Nilidhani vidole vyake havitafika huko. Asubuhi vilifika. "Nani amekata hiki?" Mdomo wangu ukasema, "Ni panya, mama." Akakiweka mapajani, akasema, "Kule kwangu panya hawakuwahi kugusa vitambaa vyangu." Niliona aibu sana.

Akaomba uzi. Siku nne ameshona lile shimo kwa kupapasa, na mara ya kwanza tangu atoke Kanja nimemsikia akiimba. Limezibika kabisa. Na kompyuta imerudia tabia yake.

Mtasema nikitoe nikifanya kazi, nikirudishe baadaye. Kiti chake kiko kando ya hiyo meza, na tangu akishone mkono wake uko juu ya kitambaa mchana kutwa. Anasema kinampasha vidole joto. Nikimweleza ukweli, atajua panya ni mimi. Mume wangu anasema, "Wewe ndiye ulikata, wewe ongea." Na naibu wa mwalimu mkuu ameniambia wazi kwamba mitihani isipofika Ijumaa, atatafuta mtu mwingine. Hiyo shule ndiyo inanipa karibu kazi yangu yote.

Leo asubuhi mama ameniita. "Wewe mwenye macho, angalia. Nimeshona vizuri?" Nikamwambia hata hapaonekani palikuwa na shimo. Kabla nimalize kusema, kompyuta ikajizima. Alisikia feni ikinyamaza, akakipapasa kitambaa polepole, akaniambia, "Pole mwanangu. Hii mashine yako nayo imezeeka kama mimi, lakini usiitupe."

Nimetoka nje, naandika haya kwa simu. Ijumaa ni keshokutwa. Mliowahi kuishi na mama mkwe, niambieni, nitaingiaje tena ndani na nitamwambia nini?