Mtoto Juu ya Kabati

Kila mwisho wa muhula wa kwanza, darasa langu hutengeneza mapango ya Noeli, yale ya kuzaliwa kwa Yesu. Kununua kitu ni marufuku: majani makavu ya mgomba, maboksi na udongo vinatosha. Watoto wa Kiislamu hutengeneza nyumba za majirani, maana hata Bethlehemu ilikuwa na majirani. Pango zuri kuliko yote huwekwa mezani, mbele ya wazazi, siku ya kutangaza matokeo. Mwenye kuchagua ni mimi, na mimi, Mungu anisamehe, mdomo wangu haujui kusubiri.

Mwaka ule binti mmoja wa Kajaga, mtaa wa kando ya ziwa, mpole, asiyeinua mkono hata akiwa na jibu, alileta la kwake limefunikwa kitenge. Nilipofunua nikakuta zizi lililosukwa kwa ustadi, ila sakafu yote kaipaka buluu. Ng'ombe amezama hadi magotini. Maria na Yosefu wameketi kwenye kitanda kilichoinuliwa kwa vipande vya tofali. Mtoto yuko juu kabisa, amelazwa juu ya kabati la maboksi ya kiberiti.

"Weye," nikamwambia, "Yesu alizaliwa mu ziwa?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka nao. Kicheko hicho kinaniuma mpaka leo.

"Apana, madame," akajibu polepole. "Ni juu mutoto asilowane."

"Toa hii maji. Na mutoto analalaka hapa." Nikamchukua Yesu kwa vidole vyangu mwenyewe, nikamshusha chini, penye nyasi.

Sikumuuliza kitu. Mji mzima ulijua kwamba ziwa limepanda, redio ilisema kila asubuhi, lakini kichwa changu kilikuwa kwenye meza na wazazi. Kesho yake alirudisha pango, buluu yote imefunikwa udongo mkavu. Nililichagua hilohilo. Nilijiona mwema sana.

Siku ya matokeo jina lake likaitwa mara mbili, hakuna aliyesimama. Kwanza nilikasirika, nikadhani amenuna. Wazazi walipotawanyika nikapanda teksi na pango mapajani, nimpelekee kabla ya Noeli.

Barabara ya kwao iliishia majini. Nyumba yao ilionekana madirisha na bati tu. Jirani, mama mmoja aliyekuwa anafunga magodoro yake kwa kamba, alinitazama mimi na pango langu.

"Walishaenda, madame. Wiki tatu walilala juu ya matofali. Ule mudogo wao wa kunyonya, dada yake ndiye alikuwa anamulaza juu ya kabati, anamukalia macho. Juzi maji ikafika mpaka ku kabati."

"Wameenda wapi?"

"Sijuwe. Walipanda camion, lori ya kubeba watu."

Nililia palepale, bila haya. Pango lilikuwa mkononi, na mtoto yuko chini, nilikomweka mimi. Nikamtoa kwenye nyasi, nikamrudisha juu ya kabati la kiberiti. Jirani akanisikitikia, akaendelea kufunga.

Januari yule binti hakurudi, wala mwaka uliofuata. Pango lake ninalo. Kila Desemba naliweka mezani, na mtu akitaka kumshusha mtoto namzuia. Nilitaka kumwambia mtu mmoja tu kwamba nilimrudisha mahali pake, na huyo hayupo darasani.