Siku Niliyoshukuru Vibaya

Nakumbuka Jumamosi ile ilianza kwa manyunyu, na mimi nimesimama nje ya ukumbi wa tamasha la filamu fupi na katuni hapa Kigali, nikiomba kimoyomoyo tusishinde. Mwanangu, usicheke. Nakuita mwanangu ingawa sijafika miaka thelathini, kwa sababu katika kazi hii ya kuzipa picha uhai, aliyekutangulia kwa filamu mbili ameshakuwa mzazi wako. Tena mengi ninayokuambia si yangu. Nilipewa na mzee mmoja, nami nisipoyapitisha yataniozea kifuani.

Sikusomea kazi hii. Nilijifunza mwenyewe kwa kompyuta ya kuazima, kwa kutazama na kurudia, na aliyejifunza peke yake huwa na ugonjwa mmoja: haamini kwamba kazi imekwisha. Filamu yetu ilihusu mvua iliyopotea njia, ikawa inazunguka kutafuta kilima chake. Mvua niliichora mimi. Vilima vyote alivichora Diane, binti kutoka mtaa wa Rebero, mwepesi wa mkono na wa maneno. Katikati ya filamu, kijani cha vilima vyake kilibadilika ghafla, kana kwamba mtu amefungua dirisha. Nilimwomba avirudie.

"Sha, vilima viko sawa," aliniambia, kwa lile "sha" ambalo vijana wa Kigali humwitia rafiki. "Wewe ndiye hauko sawa. Nenda ulale."

Muda wa kupeleka filamu ukatufikia, tukaipeleka hivyo hivyo.

Sasa sikiliza hapa. Baba yake Diane alikuwa msimamizi wa ghala huko Masoro, mtu wa mizigo na malori, na Kiswahili chake alikiokota kwa madereva. Uchoraji wa binti yake aliuita michezo. Walikuwa wamekubaliana kwamba atakuja kwenye tamasha mara moja, aone kwa macho yake kama kuna watu wazima wanaoiheshimu kazi ile. Asiporidhika, Diane ataiacha na kwenda kuuza dukani kwa shangazi yake. Mzee akaomba ruhusa kazini, akavaa koti lake la harusi, akaketi mstari wa mbele pamoja na binti yake. Nilijua yote hayo, mwanangu. Hakuna hata moja ninaloweza kusema sikuambiwa.

Tukatajwa. Tuzo ya katuni bora. Mwongozaji ndiye huitwa jukwaani, nikapanda mimi. Nilipewa sanamu ya mti, nikapewa na kipaza sauti, na mbele yangu nikaona nyuso za watu wanaoijua kazi hii kuliko mimi. Hofu ikanishika: watadhani sikuliona lile kosa. Ulimi hauna mfupa.

"Asanteni," nilisema, "lakini kusema kweli filamu hii haistahili. Vilima vya katikati rangi zake zimeharibika. Niliomba virekebishwe, havikurekebishwa."

Nikajiona mnyenyekevu! Watu walipiga makofi machache ya heshima, na niliposhuka, viti viwili vya mstari wa mbele vilikuwa vitupu.

Mwenyekiti wa majaji, Mzee Anastazi, alinikuta kwenye ngazi za nje. Ni Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, Tanzania, mtu wa sauti ya chini ambayo huwezi kujifanya hukuisikia.

"Kijana, unadhani sisi hatukuviona vile vilima?"

Nikaihamishia sanamu mkono wa pili.

"Tuliviona. Mwenzangu akasema ni kosa. Mimi nikasema mvua ikipotea njia, hata vilima hugeuka sura. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Sasa wewe umepanda pale, ukatufanya sisi vipofu na yule binti ukamfanya mzembe. Nani alikutuma?"

"Mzee, nilitaka kusema ukweli."

"Ukweli! Wewe ulitaka kujikinga. Umempa binti wa watu kosa alibebe, ili wewe ubaki safi."

Kisha akanieleza desturi ya hapa, ambayo mimi mtoto wa Ngara, ng'ambo ya mpaka, nilikuwa nimeisikia juu juu tu. Mtu akipewa ng'ombe, huenda na watu wake kwa aliyempa, wamebeba pombe, naye husimama akashukuru kwa sauti ya kusikika, akimsifu mtoaji na kumsifu ng'ombe. Hata kama mbavu zake zinaonekana, hazihesabiwi pale.

"Mbavu utazihesabu zizini kwako," alisema Mzee Anastazi, "na huko huko umlishe. Na tena wewe leo umekuja kupokea bila watu wako."

Kesho yake, watu walipotoka ibadani, nilipanda Rebero. Baba Diane alinisikiliza mlangoni wala hakuniambia niingie, jambo ambalo kwa nyumba ya mzee kama yule ni adhabu tosha.

"Mimi naomba ruhusa kwa bosi," alisema, "navaa koti ya harusi, halafu nasikia kwa maiki mtoto yangu iko anaharibu kazi ya watu?"

"Nimekosa, mzee. Nimekuja kuomba msamaha."

"Hapa mlangoni? Hapa nani anasikia, mbuzi? Uliongea mbele ya watu. Enda utengeneze mbele ya watu."

Bahati ni kwamba alasiri ile filamu zilizoshinda zilikuwa zinaonyeshwa tena kwa watu wote. Nikamwomba aje. Akafunga mlango polepole.

Filamu yetu ilipopita, vilima vile vilinichoma macho kama jana. Nitakuwa mwongo nikisema nilikuwa nimevipenda. Taa zilipowashwa niliomba kipaza sauti. Ndipo nikawaona: Diane na baba yake, wamesimama nyuma karibu na mlango, kama watu wasiokusudia kukaa.

"Jana nilikuja peke yangu kupokea kitu tulichopewa wawili," nilisema. "Vilima mlivyoviona vimechorwa na Diane. Bila yeye mvua yangu isingekuwa na pa kunyesha. Majaji, asanteni. Diane, asante. Mzee, asante kwa kumlea."

Nikashuka mpaka kule nyuma nikamkabidhi Diane ile sanamu kwa mikono miwili. Baba yake aliichukua mikononi mwake, akaipima kama anavyopima mizigo.

"Iko nzito," alisema. Akamgeukia binti yake: "Shangazi yako atafute mtu mwingine wa duka."

Diane alinisindikiza hatua chache nje. "Nimekusamehe, sha," alisema. "Lakini sitakuchorea tena."

Hajanichorea. Filamu zake sasa nazitazama nikiwa nimeketi na watazamaji wengine, na ni nzuri, na nafasi yangu ndani yake haipo. Maji yakimwagika hayazoleki, hata mwenye maji akikusamehe.

Basi mwanangu, ikifika zamu yako ya kupewa, pokea, ushukuru kwa sauti. Wataje kwa majina yao waliobeba pamoja nawe, kabla hujajitaja. Kizuri hakikosi ila. Ila zako nenda nazo nyumbani, uzishughulikie katika kazi ijayo, wala usizimwage miguuni pa waliokuheshimu. Na hofu itakapokushika, maana itakushika, mimi bado hunishika, usitafute mgongo wa mwenzako wa kujifichia.

Mungu akupe kazi unayoipenda na watu wa kuifanya nao. Akupe jicho kali, na juu ya jicho hilo akupe moyo mpole. Na siku jina lako litakapoitwa, usipande peke yako. Amina.